Mihogo michungu, siku 90, na mambo mengine tunayojua tumechelewa

Mazungumzo mbele ya wanachama, Baraka. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika na kwa rafiki zetu wafadhili.



Komite iliniomba niongee juu ya mambo ya kawaida ambayo mtu anakuja kuyajua akiwa amekwisha kuwa mkubwa. Wengine walicheka waliposikia hiyo mada, walitaka niongee juu ya mbegu ao juu ya mradi. Lakini katika kazi yangu ya kutembea vijijini, huku kando ya ziwa na kule juu milimani, nimeona kwamba kinachoumiza wenye kurudi mara nyingi ni kitu kidogo. Ni kitu ambacho jirani alikijua tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo hawezi hata kufikiri kwamba wewe hukijui. Yeye hakwambii, na wewe unaona haya kuuliza.

Nianze na la kuchekesha: saa. Ukivuka ziwa kutoka Kigoma kuja huku, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Tanzania iko mbele yetu. Na sisi wa mashariki tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja vilevile, maana nchi yetu iko na saa mbili, ya mashariki na ya mangaribi. Kuko baba mmoja aliyerudi, muda wa wiki nyingi alikuwa anafika kwenye mikutano ya kijiji saa nzima mbele ya wote. Anakaa peke yake chini ya mwembe, anakasirika: hawa watu wa huku hawaheshimu saa! Kumbe simu yake bado ilikuwa na saa ya Kigoma. Hakuna mtu aliyemwambia, kwa sababu kila mtu alifikiri mzee anapenda tu kuwahi.

Hilo halikuumiza mtu. Yako mengine yanayoacha kilema, na nataka tukae na moja la namna hiyo kwa muda mrefu kidogo. Ni mihogo.

Wengi wetu tulikulia Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996. Fanya hesabu: aliyezaliwa pale mwaka ule, leo ni mzazi. Huyu mzazi alikula nini utotoni? Unga wa mahindi wa mgao, maharage, mafuta, chumvi. Mihogo alikuwa anaiona, lakini mara nyingi aliiona sokoni, imekwisha kuwa mikavu ao imekwisha kuwa unga. Hakuna bibi aliyemchukua mpaka mtoni akamwonyesha namna ya kuilowesha, kuihesabia siku, na kuibonyeza kwa kidole kujua kama iko tayari. Anarudi Fizi ana miaka ishirini na kitu, ana watoto wawili, anapewa shamba la mihogo la familia. Mama mkwe anamwambia, chimba, upike. Maneno mawili tu. Kati ya «chimba» na «upike» kuna kazi ya siku nyingi ambayo mama mkwe hakuitaja, kwa sababu kwake haihitaji kutajwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Muhogo mchungu una sumu, sianidi. Na mtamu unayo pia, ila kidogo. Muhogo ukiwa mzima, ile sumu imefungwa ndani yake, haijatoka. Ukiukata, ukiutwanga, ao ukiuacha ndani ya maji mpaka ulainike, kitu kingine kilichomo ndani ya muhogo huohuo kinakutana na ile sumu, kinaifungua, nayo inatoka kama hewa ao inabaki ndani ya maji unayomwaga. Ndiyo maana bibi zetu waliweka siku tatu ndani ya maji. Siku tatu zinaondoa karibu yote. Siku moja haitoshi.

Watu wengi wanafikiri moto unamaliza kila kitu. Kwa muhogo mchungu, moto si dawa. Ukiuingiza ndani ya maji ya moto haraka, unaharibu kile kitu kinachofungua sumu, na sumu yenyewe sehemu kubwa inabaki imefungwa, unaimeza. Vilevile ugali: unga ambao haukuandaliwa vizuri, ukiusonga namna gani, sumu iko palepale. Na kuanika peke yake juani bila kulowesha, jambo ambalo watu wanafanya wakati maji yako mbali, kunatoa kidogo tu.

Mtu ataniuliza: basi kwa nini tunalima michungu? Juu nguruwe hawaipendi, panya hawaipendi, hata mwizi hawezi kuing'oa akaitafuna njiani. Inakaa ardhini muda mrefu ikikungojea. Kwa mtu aliyekimbia, akarudi, akakimbia tena, hiyo si akiba ndogo. Mimi sisemi tuiache. Nasema ina masharti yake.

Masharti yakivunjwa wiki nyingi mfululizo, kuko ugonjwa unaitwa konzo. Jina lilitoka huku kwetu Congo, ni la Kiyaka, la watu wa Kwango. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji. Mtu analala mzima, asubuhi miguu yote miwili imekaza. Wengine wanabaki wanatembea kwa vidole, wengine kwa fimbo mbili, wengine hawasimami tena. Hauumi, hauendelei kuongezeka, lakini haurudi nyuma: miguu haiponi. Unashika zaidi watoto na wamama walio katika umri wa kuzaa. Na kwa kuwa unakuja ghafla, na katika nyumba moja wanaweza kushikwa wawili ao watatu, watu wanaanza kutafuta mchawi. Ndiyo sababu nausema hapa kwa sauti. Konzo haiambukizwi na hairogwi. Inatoka kwenye sahani, na mara nyingi inatoka kwenye sahani ya mwenye njaa.

Msumbiji iliwashika watu wengi sana mwaka 1981, wakati wa ukame. Tanzania, kule Tarime, ilionekana mwaka 1985. Na mfano ninaoupenda kuwaeleza wafanyabiashara wetu ni wa Bandundu. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotiwa lami katika miaka ya 1970, wachuuzi walikuja wengi kununua mihogo. Wamama wakapunguza siku za kulowesha, kutoka tatu mpaka moja, ili wauze haraka. Konzo ikazidi. Barabara nzuri, bei nzuri, na watoto wakapata kilema. Tunaomba barabara kila siku hapa, na tuendelee kuiomba, lakini siku itakapofika, pipa la kuloweshea lisibaki nyuma.

Kuko kitu kingine kinachokinga: samaki, nyama, maharage. Mwili unatumia vitu vilivyomo ndani ya vyakula hivyo ili kuifanya sumu iliyobaki isiwe na nguvu. Sisi tulio kando ya ziwa, hata ndakala kidogo kwenye sahani inatusaidia bila sisi kujua. Anayenipa wasiwasi ni yule aliyerudi kule mbali na ziwa, mwezi wa njaa, anakula ugali wa mihogo asubuhi na mangaribi pamoja na mboga tupu.

Na kama unga umekwisha kusagwa, umeununua sokoni, hujui ulilowekwa siku ngapi? Kuko njia, nyepesi mpaka watu hawaiamini. Ilijaribiwa katika vijiji vya Popokabaka, Kwango, kuanzia mwaka 2010, na wamama wa kule waliikubali. Weka unga ndani ya beseni, uusawazishe, halafu weka alama kwa ndani pale unga ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona unga unashuka kwanza, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, simama. Toa huo unga mbichi, utandaze juu ya mkeka ao turubai safi, mwembamba, usizidi unene wa kidole kidogo. Uache saa mbili juani, ao saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Halafu songa ugali siku ileile, usiuweke mpaka kesho kwa sababu utaharibika. Mama mmoja aliniambia ugali wake umekuwa mtamu zaidi, hauna tena ule uchungu wa nyuma ya ulimi. Ni kweli, kwa sababu uchungu na sumu vinatembea pamoja. Angalisho moja tu: njia hii inaongezwa juu ya kulowesha, haichukui nafasi yake.

Sombe vilevile. Majani yana sumu hata kuliko mizizi. Tunayatwanga kwanza, tena vizuri, si kwa ajili ya yalainike tu: kutwanga ndiko kunafungua sumu. Halafu yanachemka muda mrefu bila kifuniko. Vijana wanaokata majani kwa kisu na kuyatia sufuriani kwa haraka, tafadhali.

Hapa niseme neno kwa rafiki zetu wafadhili wanaosoma. Mnapotuuliza tunahitaji nini, tunajibu mbegu, majembe, mashini ya kusaga. Ni sawa. Lakini mashini inasaga kila kitu inacholetewa, mzuri na mbaya, tena inafanya watu wawe na haraka. Kabla ya mashini, ao pamoja nayo, tunahitaji mapipa ya kuloweshea na maji karibu ya kuyajaza. Mama anayetembea saa nzima kutafuta bidoni moja hawezi kulowesha mihogo siku tatu, hata kama anajua kila kitu nilichosema leo.

Nikitoka hapo, mengine nitayapitisha haraka zaidi.

Wale mliorudi kule juu, Minembwe na fasi za namna hiyo, mmelalamika kwamba maharage hayaivi. Wengine wanasema ni mbegu mbaya, wengine kuni. Ni mlima. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka yakiwa na moto mdogo zaidi. Kando ya ziwa letu, ambalo liko karibu metre 770 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digri 97 hivi. Ukiwa kwenye metre 2500, yanachemka kwenye digri 92 tu. Unaona mapovu yaleyale, lakini moto haufanani. Kwa hiyo loweka maharage usiku mzima, mwaga yale maji, funika sufuria, na uongeze muda. Tena maharage mekundu yasiyoiva yanaleta kutapika na kuharisha, usimpe mtoto yakiwa bado magumu katikati. Lakini kwa maji ya kunywa usiogope: hata kule juu, maji yakichemka kabisa kwa dakika tatu, vijidudu vimekufa.

Juu ya maji. Maji ya ziwa ni meupe, mtu anaona mpaka mawe ya chini, anasema haya ni safi. Kipindupindu hakionekani kwa macho. Uvira, Fizi, Kalemie, kando yote hii ya ziwa, kinarudi mwaka kwa mwaka. Dawa ya kutia ndani ya maji tunayo wengi, lakini mambo mawili watu hawayajui: ukiitia ndani ya maji yenye matope inakosa nguvu, chuja kwanza, na lazima ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Huna dawa, huna kuni? Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi litre mbili, ijaze maji maangavu, ilaze juani saa sita. Kama kuko mawingu, siku mbili. Jua lenyewe linaua vijidudu. Nilipolieleza hili mara ya kwanza kijijini, mzee mmoja aliniangalia kama mtu anayeuza hewa.

Na mtoto akiharisha wakati pakiti za kituo cha afya zimekwisha: litre moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Mpe kidogo kidogo, huku mnatafuta njia ya kwenda kituoni.

Madawa sasa. Kule kambini malaria ikikushika unapewa «dawa mseto». Huku unaandikiwa Coartem. Watu wananiambia dawa ya huku ni nyingine, haina nguvu kama ile. Wandugu, ni dawa ileile, majina mawili. Inakunywewa mara sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na mangaribi siku mbili zinazofuata. Na inataka chakula chenye mafuta kidogo ndipo iingie mwilini vizuri. Homa ikishuka siku ya pili, usiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Tena, Panadol ya Tanzania, Doliprane, Efferalgan, na kile kidonge cha para cha bei ndogo, vyote ni paracetamol. Anayekunywa viwili kwa pamoja akifikiri ni dawa mbili, anakunywa dozi mara mbili. Mtu mzima asizidishe vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku moja, mchana na usiku. Vikizidi vinaharibu ini, tena polepole, bila maumivu ya mwanzo.

La makaratasi. Hapa najua watachoka wengine, lakini mnivumilie, kwa sababu kilio kikubwa ofisini kwetu ni hiki. Ile karatasi mnayopewa na maternite baada ya kuzaa si akti ya kuzaliwa. Karatasi ya chanjo si akti. Zote mbili ni ushahidi mzuri, lakini akti inatolewa na ofisi ya etasivili, na sheria yetu, Kanuni ya Familia iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe. Ndani ya siku 90, kuandikisha ni bure. Anaweza kwenda baba, ao mama peke yake, ao jamaa wa karibu, hata mtu aliyekuwepo wakati wa kuzaliwa. Zikipita siku 90, inabaki kupitia tribinali kutafuta hukumu, na hapo safari zinaanza, na franka zinaanza kutoka. Mama anajua siku ya kliniki, anajua siku ya ubatizo, hesabu ya 90 hakuna aliyempa. Naomba komite iandike kwenye daftari lake tarehe ya kila mtoto anayezaliwa kwa mwanachama, na siku ya 60 mtu aende kumkumbusha.

Kwa watoto waliozaliwa kambini: msitupe karatasi yoyote ya ng'ambo, hata iliyolowa, hata yenye jina lililoandikwa vibaya. Nimeona kadi ya mgao iliyofungia karanga. Zileteni, tuziangalie pamoja kabla ya kwenda etasivili.

Jambo la mwisho, la wamama, na wababa msikilize. Zamani, sheria ya mwaka 1987 ilisema mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa karibu kila jambo la sheria. Hiyo ruhusa ilifutwa mwaka 2016. Kwa mali ya nyumba, kama kuuza shamba la familia, bibi na bwana wanapaswa kukubaliana, wote wawili, bwana vilevile. Lakini kufungua konti yake, kufanya biashara yake, kwenda mbele ya tribinali kwa jina lake, mama hahitaji tena sahihi ya mtu. Kuko fasi bado wanaiomba. Nilimpeleka mwanachama wetu mmoja fasi ya namna hiyo, kijana wa dirishani akatuomba barua ya bwana. Tulimwonyesha sheria kwenye simu, akaenda ndani, akarudi na fomu. Yeye pia hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kuhusu mashamba na karatasi za shefu, muda hautoshi, na mada hiyo inaomba mtu wa sheria akae mbele yenu siku nzima. Komite imekubali kumtafuta.

Alhamisi, wamama wa kikundi cha unga watafanya ile kazi ya beseni na mkeka hapa uwanjani kuanzia saa tatu asubuhi, saa ya Baraka. Mwenye unga asiojua ulikotoka alete kilo moja, na beseni lake. Wenye kutoka Mboko, komite imesema itarudisha pesa ya usafiri ya mtu mmoja kwa kila kikundi, kwa hiyo mchague yule atakayewafundisha wengine akirudi.

Kama kuko maswali, nianze na wamama wa nyuma kule, nimeona mkono tangu wakati wa mihogo.